Ofisi ya Fremu Moja Maguu: Lipia Kinachopita Mlangoni

Ukitaka kufungua ofisi Maguu kabla msimu wa kahawa haujakolea, huenda fedha yako inatosha fremu moja na vitu vichache vya kuweka ndani. Fremu hiyo asubuhi itakuwa ya uwakala wa fedha. Mchana utachapa barua na kuwajazia watu maombi ya leseni au ya mkopo wa chuo mtandaoni. Jumamosi kikundi cha kuweka na kukopa kitataka kukaa humo humo, watu kumi na tano. Mijini wapo wasanifu wanaolipwa wachore ofisi ya namna hiyo, inayogeuka kufuata kazi. Huku utaichora wewe na fundi seremala, na fedha yenyewe haina marudio.

Jibu langu nalitoa mapema. Chumba ni cha kupanga, kwa hiyo weka fedha kwenye vitu vitakavyotoka mlangoni siku utakapohama. Ulichopigilia ukutani au kujengea kwa saruji umemwachia mwenye nyumba.

Bei nitakazotaja ni za kupigia hesabu. Ya mwisho utapatana dukani au karakana, na Maguu, Mbinga mjini na Songea hazilingani.

Kodi huja kabla ya meza

Makato ya fremu ndiyo yanayokula fedha ya samani. Dalali atataka kodi ya mwezi mmoja. Anayehama anaweza kukudai kilemba kwa ajili ya rafu na kaunta anazoacha. Zikague chini, pale zinapogusa sakafu, maana mbao ikishaoza huko hakuna cha kulipia. Mwenye nyumba naye atataka miezi sita au mwaka mzima kwa mkupuo.

Kisha yapo yasiyotajwa siku ya kuoneshwa chumba. Anayepanga kwa ajili ya biashara anatakiwa kuzuia asilimia 10 ya kodi ya pango na kuipeleka TRA. Fremu ikiwa ya 50,000 kwa mwezi, mwenye nyumba apokee 45,000 na 5,000 iende serikalini. Wengi watakwambia, "Mdogo wangu, mimi nataka elfu hamsini yangu mkononi." Ukikubali hivyo, kodi yako ya kweli ni kama 55,600 kwa mwezi, na kwa mwaka umebeba zaidi ya 66,000, ambayo ingekupa meza ya mbao za paina. Mkataba nao una ushuru wa stempu, asilimia 1 ya kodi ya mwaka. Haya yaandikwe kabla hujatoa hata senti.

Angalia na mita ya LUKU. Kodi ya jengo hukatwa humo: tangu Julai 2023 ni 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida isiyo ya ghorofa, yaani 18,000 kwa mwaka. Mdaiwa ni mwenye nyumba, lakini anayenunua umeme ni wewe. Mwombe aitoe kwenye kodi ya pango. Kama fremu ilikaa bila mtu, ununuzi wako wa kwanza unaweza kukutana na malimbikizo, kwa hiyo siku ya kukabidhiwa ufunguo nunueni umeme mkiwa wote wawili, muone kinachobaki.

Tena uliza kama unaihitaji fremu kweli. Milima hii ya Umatengo inaishi kwa kahawa, na ofisi ya chama cha msingi, AMCOS, hujaa watu wakati wa mavuno na makusanyo, kuanzia kama Juni hadi Oktoba, halafu hupoa. Kona ya ukumbi kama huo, kwa miezi iliyopoa, inaweza kukugharimu kidogo sana kuliko chumba cha barabarani. Ubaya wake ni kwamba msimu ukifunguliwa, magunia na mzani vinaingia, wewe unatoka. Kwa anayetaka kujaribu biashara kwanza bila kufunga fedha ya mwaka mzima, ni njia nzuri. Kwa wakala wa fedha haifai, kwa sababu wateja wake wenye noti mkononi huja wakati huo huo anaofukuzwa.

Meza

Hapa ndipo pa kutumia muda mrefu kidogo, maana meza mbaya ndiyo inayofunga chumba.

Kaunta ya kujengewa, ya tofali na ubao juu, ni rahisi na haiyumbi. Lakini inakata chumba vipande viwili milele. Jumamosi nusu ya kikundi itakaa upande wa mteja na nusu upande wa karani, na siku ukihama inabaki.

Meza za mbao za viwandani, zile zinazokuja ndani ya boksi zikiwa zimefungwa bapa, zinavutia kwa mng'ao na zinapanda basi bila shida. Shida yake ni maji. Mvua za huku huanza karibu na Novemba na kuendelea hadi Aprili au Mei, watu wanaingia na makoti yanayochuruzika, na sakafu hupigwa deki kila siku kwa sababu ya udongo mwekundu. Unyevu ukipenya pembeni, ubao unavimba kama mkate uliolowa chai, na ukishavimba hakuna randa ya kuurudisha. Skrubu zake nazo zikishatolewa mara mbili tatu hazishiki tena. Meza ambayo haivumilii kufunguliwa na kufungwa, huku umeinunua ili uihamishe, inakuuzia sura.

Mbao za paina kwa fundi wa hapa hapa ndizo chaguo la wengi, na kwa haki. Ni nyepesi, zinapatikana, na mguu ukivunjika leo kesho umepata mwingine. Tuseme meza moja ni 65,000. Hatari iko kwenye mbao mbichi: meza inakuja imenyooka, baada ya miezi miwili uso umepinda na droo haifunguki. Usiridhike na neno la fundi kwamba zimekauka. Inua ubao mmoja. Mbichi ni mzito kupita ukubwa wake, unanukia utomvu, na msumari ukiupigilia unaacha unyevu pembeni ya tundu. Mbao nzuri utaziona zimepangwa chini ya paa zikiwa na vijiti katikati ili hewa ipite.

Mkaratusi ni mgumu kuliko paina lakini hupenda kujinyonga ukikaushwa haraka, na ni mzito. Mninga utadumu hadi wajukuu. Bei yake ni ya juu, unabebwa na watu wawili, na mbao zake ziwe na karatasi halali za misitu, vinginevyo mzigo unaweza kukamatwa njiani nawe ukabaki unalia na fundi. Kwa ofisi ya kuhamahama, mninga ni fahari isiyo na kazi.

Miguu ya bomba za mraba na uso wa mbao inazishinda zote kwa kudumu, na inaweza kufungiwa bawaba ikakunjwa. Itakugharimu kama mara moja na nusu ya paina tupu. Kagua pale palipochomelewa: kama rangi imepita juu juu tu, kutu itaanzia hapo. Ukiwa na nyongeza ya fedha, iweke hapa, hata kabla ya kiti kizuri.

Vyovyote utakavyochagua, agiza meza mbili ndogo badala ya moja kubwa. Kila moja iwe sentimita 120 kwa 60, na kimo cha 75. Zikitengana ni sehemu mbili za kazi. Zikiunganishwa ubavu kwa ubavu ni meza ya kikao ya watu sita. Vimo vifanane kabisa, kwa hiyo zitengenezwe na fundi mmoja kwa siku moja. Meza ya fundi huyu na ya yule zikiwekwa pamoja zinaacha ngazi katikati na kalamu inaruka.

Miguu ifungwe kwa bolti na nati, isipigwe misumari. Siku ya kupokea, geuza meza miguu juu. Utaona kama kona zina vipande vya kushikilia, kama vanishi imefika chini au imeishia panapoonekana, na kama bolti zina washa. Fundi mwenye kazi nzuri hatakasirika. Wa aina nyingine atakwambia una haraka gani, kaka.

Wanaotaka mbao zilizokaushwa na kunyooshwa kwa mashine waulize pia Peramiho, kwenye njia ya kutoka Songea. Watawa Wabenediktini wapo pale tangu 1898, na wana karakana na shule ya ufundi. Ila pigia hesabu nauli, maana lami ya Songea, Mbinga hadi Mbamba Bay imerahisisha mengi, lakini ukishaiacha na kushika njia za milimani, mzigo hupanda bei kwa kadiri ya matope. Uliza maswali matatu kwa mkupuo: kupakia nani analipa, kushusha nani analipa, na meza ikikatika mguu njiani ni ya nani. "Bei hiyo ni ya kuchukulia hapa, dada," ni sentensi ndogo inayoweza kuongeza elfu kumi na tano.

Viti na benchi

Tuseme kiti cha plastiki ni 20,000, cha mbao cha fundi ni 45,000, na cha kuzunguka chenye magurudumu ni 150,000. Cha plastiki kikikaliwa kila siku, kipe miaka miwili kabla mguu wa nyuma haujapasuka: 10,000 kwa mwaka. Cha mbao kikitunzwa, miaka tisa: 5,000 kwa mwaka. Cha kuzunguka, kwa miaka mitatu, ni 50,000 kwa mwaka, na hapo sijahesabu gesi yake inayoishiwa nguvu ukajikuta kidevu kiko sawa na meza. Vipuri vyake si vya kuokota dukani Maguu. Mara nyingi suluhisho ni kumpelekea fundi wa kuchomelea akifunge kibaki kimo kimoja.

Magurudumu yenyewe yanahitaji sakafu laini. Fremu nyingi zina sakafu ya saruji yenye nyufa, na matope yakikauka yanakuwa changarawe. Vigurudumu vya plastiki hufa mapema humo.

Kwa hiyo anayekaa kutwa apewe kiti cha mbao chenye kipande cha sponji kilichoshonewa kitambaa. Ukichapa saa nane kwa siku na mgongo unakusumbua, hapo cha kuzunguka kina hoja, ila kimoja tu.

Kwa kikundi, benchi zinashinda viti bila ubishi. Benchi ya watu wanne kwa 25,000 ni chini ya 6,500 kwa kila mtu. Siku za kazi zinatolewa hadi barazani wateja wasubirie nje, na chumba kinapumua. Tatu zinatosha watu kumi na wawili, na ukiongeza viti vinne vya plastiki vinavyopandana umemaliza kazi ya Jumamosi. Kosa la kawaida ni kununua viti ishirini vya plastiki kwa sababu muuzaji ameshusha elfu moja moja, kisha robo ya chumba inageuka stoo ya viti.

Kugawa chumba

Wanaouza ofisi za kisasa hupenda sana kuta za kuhamishika. Historia yake ni ya kuangalia kabla hujafungua pochi. Kampuni ya Herman Miller ya Marekani ilitoa mwaka 1964 samani zilizoitwa Action Office, wazo la Robert Propst, na mwaka 1968 ikatoa toleo la pili lenye paneli za kusogeza, ili mfanyakazi apange eneo lake kadiri kazi inavyobadilika. Waajiri walizinunua kwa wingi, wakazipanga kuwa vibanda vya mraba ili watu wengi waingie eneo dogo, na nyingi hazikusogezwa tena. Jiulize kwa ukweli: utabadilisha chumba mara ngapi kwa wiki? Ikiwa ni mara moja kwa mwezi, usilipie chochote chenye magurudumu. Sogeza meza kwa mikono.

Ukihitaji siri, kwa mfano mteja anapohesabu fedha au anapojaza taarifa zake, nafuu kuliko zote ni pazia zito kwenye waya uliokazwa vizuri. Tuseme 30,000 pamoja na ndoano. Halizuii sauti, ila linazuia macho, na linafuliwa.

Jipsamu inaonekana rahisi ukisikia bei ya bodi moja. Bodi ni sehemu tu ya bili; kuna fremu ya chuma, skrubu, fila, rangi na fundi, na huku inachukia ukuta wenye unyevu. Siku ya kuhama inabomolewa ikawa vumbi. Aluminiamu na kioo ni safi na hudumu, lakini fundi atataka nauli ya kuja kupima na nauli ya kuja kufunga, na kioo kikipasuka njiani mjadala huanza. Kwa chumba cha kupanga, viache vyote viwili.

Ninachokipendekeza ni fremu ya mbao nyembamba, kimo cha mita 1.6, yenye vipande viwili vilivyoungwa kwa bawaba ili isimame yenyewe, na katikati pakazwe magunia ya katani yaliyotumika. Magunia hayo huku si adimu. Yaoshe na kuyaanika kwanza, yasije na vumbi wala wadudu, na usiweke karibu na jiko la chai. Yanapunguza mwangwi kidogo na yanapendeza kuliko nilivyotarajia.

Kitu kimoja cha kudumu nakitetea: dari. Chini ya bati tupu mvua ikinyesha hakuna simu wala kikao, mnabaki kutazamana, na asubuhi za Juni na Julai baridi ya milimani inashuka moja kwa moja shingoni. Kwa kuwa dari inabaki, mwenye nyumba akate gharama yake kwenye kodi, iandikwe ni miezi mingapi. Akikataa, chukua fremu nyingine yenye dari hata kama imezidi elfu tano. Usidanganyike na hita ya umeme: ya wati 1,500 inakula uniti moja na nusu kwa saa, zaidi ya shilingi 500 kwa daraja la kawaida. Sweta ni bei rahisi.

Umeme na kompyuta

Tangu laini kubwa ya Makambako hadi Songea iunganishe Ruvuma na gridi ya taifa mwaka 2018, kutegemea majenereta ya dizeli kumepungua sana, ila kukatika kwa umeme bado kupo. Kompyuta ya mezani dukani ni nafuu kuliko ya mkononi, na hapo ndipo watu wanaponaswa. Ya mezani na skrini yake, tuseme wati 150, kwa saa nane na siku 26, ni kama uniti 31 kwa mwezi. Ya mkononi ya wati 50 ni uniti kumi na kitu. Kwa daraja la kawaida, ambako shilingi 1,000 haifikishi uniti tatu, tofauti ni zaidi ya 7,000 kwa mwezi. Ongeza na betri ya dharura ambayo ya mezani haiwezi kukosa, wakati ya mkononi ina betri yake tumboni.

Anayefanyia ofisi sebuleni ana mtego wa ziada. Nyumba zinazotumia umeme kidogo hupata uniti kama nane kwa 1,000, mradi zisizidi 75 kwa mwezi. Kompyuta ya mezani, printa na balbu za kutwa vinaweza kukuvusha, uniti za juu ya hapo ni ghali zaidi ya mara tatu, na ukizidisha kila mwezi unaweza kuhamishiwa daraja la kawaida kwa nyumba nzima, pasi na friji humo humo.

Soketi za fremu huwa moja au mbili, tena kwenye kona mbaya. Usichimbe ukuta wa mtu. Nunua ekstensheni moja nzito ya waya mnene yenye swichi. Zile nyembamba za bei ya kutupa zinapata moto printa ikianza kazi. Waya upite pembeni ya ukuta, usikatize njia ya benchi.

Jumla, na namna ya kulipa

Kwa laki tano mpango wangu ni huu: meza mbili za paina 130,000, kiti kimoja cha mbao 45,000, benchi tatu 75,000, viti vinne vya plastiki 80,000, pazia 30,000, ekstensheni 25,000, na sanduku la chuma lenye kufuli 60,000. Hiyo ni 445,000. Inayobaki, 55,000, usiiguse. Ni ya nauli, kushusha, bolti zilizosahauliwa na rangi. Kompyuta ina bajeti yake. Fremu ya magunia ingoje hadi wateja waje.

Ukiwa na laki tatu tu, anza na meza moja, kiti, benchi mbili, pazia, ekstensheni na sanduku. Zinakuja 275,000. Meza ya pili iagize kwa fundi yule yule, na mwachie kipimo.

Agiza Mei au mwanzoni mwa Juni. Mapema zaidi, mbao hazikauki na njia ni mbaya. Ukichelewa hadi fedha za kahawa zianze kuingia mifukoni, kila mtu anaezeka na kuagiza kitanda, bei inapanda, na fundi mwenyewe yuko shambani anachuma.

Dukani, ukitajiwa "hiyo ni bila VAT" na muuzaji akataka kuongeza asilimia 18, mwombe risiti ya mashine yenye namba ya usajili wa VAT. Asiyesajiliwa hana ruhusa ya kutoza, na maduka mengi madogo hayajasajiliwa.

Kwa fundi, toa fedha ya mbao kwanza, na kama inawezekana kazinunueni pamoja. Kinachobaki kilipwe meza ikiwa ndani ya fremu, imesimama kwa miguu yote minne. Ukimlipa kwa simu atakwambia uweke na ya kutolea. Patana siku ya kwanza kama iko ndani ya bei. Karatasi mnayoandikiana, hata ya daftari, iwe na vipimo, aina ya mbao, neno "bolti", na tarehe ya kukabidhi.